Waliotuimbia Kabla Yetu: Historia Fupi ya Wimbo Uliotufikia Magwagwa



Katika kurasa nyingine za kijitabu hiki mtasoma majina ya waanzilishi wa kwaya yetu, walimu waliotufundisha na viongozi waliotuvumilia. Sisi tulioombwa kuandika historia tumeona heri turudi nyuma kidogo zaidi ya hapo, kwa sababu wimbo tunaouimba Jumapili hapa Magwagwa haukuzaliwa na sisi. Umetembea safari ndefu na kupita katika vinywa vya watu wengi, na wengi wao hawakuandikwa popote.

Tuanze na jambo lililotuaibisha. Si muda mrefu uliopita tulikwenda kumzika mama mmoja ambaye zamani alikuwa mwanakwaya mwenzetu. Tulifika tukiwa na sare zetu, kinanda na spika, na nyimbo tatu tulizozifanyia mazoezi wiki nzima. Baada ya Misa, jeneza lilipokuwa likielekea kaburini, mzee mmoja wa familia alitugeukia akasema, “Wanangu, sasa muimbieni ule wimbo wake.” Akautaja. Ulikuwa wimbo wa Ekegusii, wa enzi zile ambapo kigango kilikuwa na ngoma moja tu. Tulitazamana. Wengine walitoa simu wautafute, lakini haukuwamo. Mwishowe akina mama watano au sita wenye umri mkubwa waliuanzisha wenyewe, bila kinanda, na watu wote wenye umri wao wakaitikia. Sisi kwaya tulisimama kando kama wageni.

Siku ile ndiyo iliyotufanya tuulize: wimbo hufikaje kwa watu, na hupoteaje? Majibu tuliyoyapata ndiyo tunayowaletea hapa.

Imani iliyobebwa na walei

Imani Katoliki ilitufikia kutoka upande wa Uganda. Mapadre Weupe walifika Buganda mwaka 1879. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1882, waliondoka wakaenda kusini mwa Ziwa, na hawakurudi hadi 1885. Kwa muda huo wote hapakuwa na padre. Waliobaki ni vijana wa ikulu ya Kabaka na watu wa kawaida vijijini, wengi wao wakiwa bado wakatekumeni. Hao ndio waliofundishana sala kwa midomo, na mapadre waliporudi walikuta kundi limeongezeka badala ya kutawanyika. Ni katika kundi hilo walipotoka Yosefu Mukasa Balikuddembe, Karoli Lwanga, kijana Kizito na wenzao, ambao waliuawa kati ya 1885 na 1887. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza watakatifu 22 tarehe 18 Oktoba 1964. Leo kuna kwaya ngapi katika nchi yetu zinazoitwa kwa majina yao? Na ni haki ziitwe hivyo, kwa kuwa hao ndio waliotuonyesha kwamba sala inaweza kuishi kwa kupokezana.

Wamisionari wa Mill Hill walifika Kisumu mwaka 1903, miaka miwili baada ya reli kufika ziwani. Mwaka 1911 walifungua misheni ya Nyabururu, karibu na mji wa Kisii, na hiyo ndiyo mama wa parokia za Gusii. Haikupita miaka mingi kabla ya majaribu. Mnamo Septemba 1914, Vita Kuu vilipoanza, askari wa Wajerumani walivuka mpaka wakauingia mji wa Kisii na kupigana na Waingereza. Katika vurugu zilizofuata misheni iliporwa, na kazi ikavunjika kwa kitambo. Hapa pia, kama Buganda miaka thelathini kabla, mbegu ilibaki mikononi mwa waumini wachache na makatekista.

Tukumbuke katekista wa siku hizo alikuwa mtu wa namna gani. Alitembea kwa miguu kutoka kilima hadi kilima. Hakuwa na kitabu cha nyimbo cha kumpa kila mtu, na hata angekuwa nacho, wengi hawakujua kusoma. Kwa hiyo aliimba mstari mmoja, watu wakaurudia, akaimba wa pili, wakaurudia. Kwa njia hiyo babu na nyanya zetu walishika Utukufu na Nasadiki kwa Kilatini, lugha ambayo hawakuisema nyumbani, wakaimba bila kukosea. Bado wapo wazee ambao ukiwaanzishia Kyrie ya zamani wataimalizia mpaka mwisho macho yamefumbwa. Katekista huyo alikuwa mwalimu wa kwaya kabla jina hilo halijajulikana kwetu.

Do, re, mi zilitoka wapi

Mwanakwaya yeyote anayejiunga nasi hukutana kwanza na ubao wa nota: d, r, m, f, s, l, t. Wengi wetu tulidhani ni mambo ya shule tu. Kumbe herufi hizo zimetoka katika nyumba ya watawa, na zina karibu miaka elfu moja.

Mwanzoni mwa karne ya 11 aliishi Italia mtawa mmoja wa shirika la Mtakatifu Benedikto aliyeitwa Guido, ambaye baadaye alifundisha waimbaji wa kanisa kuu la Arezzo. Shida yake ilikuwa ile ile ya katekista wetu. Waimbaji walijifunza kila wimbo kwa kusikia, na Guido alilalamika kwamba mtu angeweza kuimba miaka kumi na bado asiweze kuimba peke yake wimbo ambao hajausikia kwa mwalimu. Basi alichukua utenzi wa Kilatini wa sikukuu ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji, ile ya tarehe 24 Juni. Katika utenzi huo kila kipande huanza kwa sauti ya juu kidogo kuliko kilichotangulia. Alichukua silabi za mwanzo wa vipande hivyo: ut, re, mi, fa, sol, la. Akawafundisha vijana wake kuzishika silabi hizo na umbali kati yake, na kuandika nyimbo juu ya mistari. Habari zikamfikia Papa Yohane wa Kumi na Tisa, ambaye alimwita Roma aone mwenyewe. Guido alisema kwamba kazi ya miaka kumi sasa ingewezekana kwa mwaka mmoja, au miwili ikizidi.

Baadaye ut ikageuzwa kuwa do, ambayo ni rahisi kuimba, na si ikaongezwa juu ya la. Karne ya 19 mwalimu mmoja mwanamke wa Norwich, Uingereza, Sarah Glover, alirahisisha mtindo huo kwa ajili ya watoto aliowafundisha. Mchungaji John Curwen, wa Kanisa la Kikongregesheni, aliuchukua kuanzia mwaka 1841, akaukamilisha na kuueneza ili hata maskini wasio na kinanda waweze kusoma muziki kwa herufi tu. Kwa kuwa sol na si zote zilianza na s, ya pili ikageuzwa kuwa ti. Ndiyo maana sisi tunaimba la, ti, do.

Wamisionari na walimu wa madhehebu mbalimbali waliuleta mtindo huo Afrika, ukaenea kupitia shule na vyuo vya ualimu. Tutazame basi mapito yake: mtawa Mkatoliki wa Italia, mwalimu mwanamke wa Kianglikana, mchungaji wa Kiprotestanti, walimu wa shule za misheni, mpaka ubao wetu wa mazoezi. Tunaposema Kanisa ni moja, tukumbuke kwamba hata nota tunazoziimba zimepita katika mikono ya ndugu waliotengana, na hakuna aliyekataa kupokea kwa sababu ya aliyempa.

Mtaguso na Askofu wetu wa kwanza

Mwaka ule ule wa 1903 Mill Hill walipofika Kisumu, Papa Pio wa Kumi alitoa waraka wake juu ya muziki mtakatifu. Tarehe ilikuwa 22 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki. Alitaka muziki wa kanisani uwe mtakatifu, uwe mzuri, na usifanane na wa majumba ya michezo. Alitaka pia waumini wenyewe waimbe, wasibaki wasikilizaji. Lakini wimbo wenyewe ulikuwa wa Kigregori na lugha ilikuwa Kilatini, na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwetu kwa zaidi ya miaka hamsini. Ngoma na chinchigiri zilibaki nje ya kanisa, na wamisionari wengi waliziogopa kama mambo ya kipagani.

Jimbo la Kisii liliundwa tarehe 21 Mei 1960, likimegwa kutoka Kisumu. Askofu wake wa kwanza alikuwa Maurice Otunga, ambaye baadaye alikuwa Askofu Mkuu wa Nairobi na Kardinali wa kwanza wa Kenya, na ambaye leo Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu. Alikuwa bado Askofu wetu Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipofunguliwa mwaka 1962, naye alikuwa miongoni mwa Mababa wa Mtaguso huo. Hati ya kwanza kupitishwa ilikuwa ya Liturujia, tarehe 4 Desemba 1963. Maaskofu 2,147 waliikubali na 4 tu wakaikataa.

Hati hiyo ina sura nzima juu ya muziki. Inaheshimu wimbo wa Kigregori na kuupa nafasi ya kwanza. Lakini inasema pia kwamba yapo mataifa, hasa katika nchi za misheni, yenye muziki wao wenyewe ulio na uzito mkubwa katika dini na maisha yao, na kwamba muziki huo upewe heshima na nafasi inayostahili. Inaagiza kwaya zitunzwe kwa bidii. Papo hapo inawaagiza wachungaji wahakikishe kwamba kusanyiko lote linaweza kuimba sehemu iliyo yake. Mwaka 1967 Roma ilitoa maelekezo zaidi, ambayo hayakubali kwaya iimbe kila kitu peke yake huku watu wakinyamaza kabisa.

Wenzetu wa Afrika Mashariki hawakungoja kusukumwa. Huko Tanganyika, Padre Stephen Mbunga wa Peramiho alikuwa tayari ameandika kitabu juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu, kilichotoka mwaka huo huo wa 1963. Uganda alikuwapo Joseph Kyagambiddwa, ambaye alitunga oratorio ya Mashahidi wa Uganda kwa mtindo wa muziki wa Kiganda, ikaimbwa Roma walipotangazwa watakatifu mwaka 1964. Sauti za Buganda, ambazo wageni wa kwanza hawakuzielewa, sasa zilisikika katika mji wa Mtume Petro.

Lugha tatu katika benchi moja

Kwetu mabadiliko yalikuja taratibu. Padre aligeuka akatazama watu. Misa ikasikika kwa Ekegusii na kwa Kiswahili. Ngoma ikaingia, halafu kayamba, halafu chinchigiri miguuni mwa wachezaji wa matoleo. Obokano, zeze letu kubwa la nyuzi nane lenye sauti nzito, halikuzoea kuingia kanisani, maana lilikuwa chombo cha kusifia mashujaa na kusimulia habari za ukoo. Lakini lingestahili, kwa sababu Zaburi nazo husifu na kusimulia, na Daudi mwenyewe alipiga chombo cha nyuzi.

Kiswahili kilitufaa kwa sababu ya mahali tulipo. Hapa Magwagwa tuko karibu na mipaka: jirani mmoja husema Kipsigis, mwingine Dholuo, na sisi Ekegusii. Hata Jimbo letu lilikuwa la Wagusii na Waluo pamoja hadi Jimbo la Homa Bay lilipoundwa mwaka 1993. Watu wa lugha mbalimbali walipokutana kwa hija au kwa upadrisho, Kiswahili ndicho kilichowawezesha kuimba wote kwa pamoja. Katika miaka ambayo siasa zimechochea majirani wa pande hizi watazamane kwa hofu, si jambo dogo kwamba wimbo wa kuingia ni mmoja kwao wote.

Kupitia Kiswahili tulifungua mlango wa Tanzania pia. Kwanza zilikuja karatasi zilizonakiliwa kwa mkono, halafu kanda za kaseti, halafu simu. Leo wimbo wa Bernard Mukasa ulioimbwa na Kwaya ya Mtakatifu Kizito, Makuburi, Dar es Salaam, unaweza kutufikia kabla chai haijapoa. Tunamshukuru Mungu kwa utajiri huo, nao umetufundisha kuimba sauti nne vizuri kuliko zamani.

Lakini tuseme ukweli, kwani wahenga walituonya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wepesi huu umetuletea mambo mawili. La kwanza, tunabadilisha nyimbo haraka mno. Wimbo tulioutoa Pasaka haupo tena Pentekoste, na mama aliye kwenye benchi la nyuma, ambaye alikuwa anaanza kuushika, anaachwa njiani. Jumapili nyingine tumeimba Misa yote kwa ustadi, na ukituuliza watu waliimba nini, jibu ni “Amina”. Watu wamegeuka kuwa wasikilizaji, jambo ambalo Pio wa Kumi hakulitaka mwaka 1903 na Mtaguso haukulitaka mwaka 1963. La pili ni lile tulilolisimulia pale mwanzo. Kile ambacho simu haina, sisi pia hatuna. Nyimbo za Ekegusii za miaka ya kwanza baada ya Mtaguso zilitungwa na makatekista na akina mama ambao hawakuweka jina chini ya karatasi, kwa sababu hapakuwa na karatasi. Zimo vifuani mwa wazee wetu tu, na kila mazishi yanachukua baadhi yake.

Deni la jubilei

Neno jubilei linatokana na neno la Kiebrania lenye maana ya pembe ya kondoo dume. Katika kitabu cha Walawi, sura ya 25, mwaka wa jubilei ulitangazwa kwa kupiga baragumu nchini kote. Kwa hiyo jubilei yenyewe ilianza kwa sauti ya chombo cha muziki, nasi wanakwaya tuna sababu ya kuipenda. Tusisahau, hata hivyo, baragumu hilo lilitangaza nini: mtumwa aachwe huru, na kila mtu arudishiwe shamba la baba yake. Jubilei ilikuwa siku ya kurudisha.

Basi sisi turudishe nini? Tumekubaliana mambo mawili, na tunayaandika hapa mbele ya parokia nzima ili mtudai.

Kwanza, tutarudisha wimbo kwa wenyewe. Mtakatifu, Mwanakondoo na kiitikio cha Zaburi zitabaki zile zile kwa kipindi cha kutosha, ili kila mtu azishike. Tutaimba vipande vyetu vya sauti nne wakati wa matoleo na baada ya Komunyo, lakini pale ambapo ni zamu ya watu, tutawaongoza watu. Tukisahau, tugusieni bega.

Pili, tutakwenda kuwatembelea wazee katika jumuiya ndogo ndogo, mmoja mmoja, tukiwa na daftari. Mzee ataimba, mmoja wetu ataandika maneno ya Ekegusii, mwingine ataandika solfa juu yake. Guido alibuni nota ili kijana aweze kuimba wimbo ambao hajawahi kuusikia. Sisi tutazitumia ili mjukuu aweze kuimba wimbo ambao aliyeujua ameshalala. Pale tutakapojua jina la mtunzi tutaliandika. Pale ambapo halijulikani tutaandika jina la aliyetuimbia, na la kigango chake.

Wimbo wa yule mama tayari tunao. Wiki mbili baada ya mazishi tulirudi kwa wale akina mama walioutuanzishia pale kaburini. Walicheka kwanza, wakasema sauti zao zimekwisha. Halafu wakaimba beti zote, wakabishana kidogo juu ya ubeti wa tatu, wakapatana. Tuliuandika kwa ufunguo wa F, maana hapo ndipo sauti zao zilipofika bila shida. Leo, katika Misa ya jubilei, utakuwa wimbo wa shukrani. Hatutatumia kinanda katika ubeti wa kwanza. Tunawaomba ninyi mnaoujua muuanze, sisi tutawafuata.

Mtakatifu Sesilia, Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzako, mtuombee. Na ninyi nyote mliotuimbia kabla yetu, mlio hai na mliolala katika Bwana: mbuya mono.